Unga Ulioumeza Udi wa Dada

Jamani, kuna aibu ambayo mtu anaificha mpaka anaingia nayo kaburini, na kuna aibu ambayo mji mzima umeshaijua, hata ukinyamaza unajisumbua bure, na hii yangu ni ya aina ya pili. Ukipita leo sokoni hapa Tabora ukamuulizia mwalimu aliyenukisha dagaa kwenye sanduku la bi harusi, utaonyeshwa nyumba yangu, na huenda ukasindikizwa kabisa. Basi acheni niisimulie mwenyewe, maana nimechoka kuisikia kwa wengine, wanatia chumvi, yupo anayesema nilizirai (sikuzirai, ingawa ningependa) na yupo anayesema nilichoma nyumba ya watu (niliunguza mkeka, tena pembeni tu).

Mimi nafundisha kemia sekondari, na kwa wazimu wangu wa utu uzima nikaanza kusomea shahada ya pili, ile ya kujikokota, likizo wenzako wanapumzika wewe uko chuoni, shule ikifunguliwa unarudi kusahihisha madaftari macho yakiwa mekundu. Mada yangu ni silika yenye vitundu. Nisiwachoshe: ule udongo mweusi wa mbugani, unaopasuka kiangazi na kuvimba wakati wa mvua mpaka baiskeli inabebwa na mwenyewe badala ya kumbeba, kwa ndani kabisa ni tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa kwenye hotipoti. Tabaka zenyewe ni silika iliyoshikana na vitu vingine, chuma, alumini na jamaa zao. Ukiupika udongo huo kwenye asidi, asidi inawala hao jamaa na kuiacha silika peke yake, na pale palipoliwa panabaki vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Halafu unaosha, unaosha tena, unaosha mpaka unaichukia elimu, unajaribu kwa karatasi ya litmasi unakuta asidi bado ipo, unaosha tena, ndipo unakausha na kuchoma kwenye tanuri. Unachopata ni unga mweupe, ukiutazama utadhani unga wa muhogo, kumbe ndani ni matundu matupu na kila tundu lina njaa. Unameza unyevu, na harufu unameza pia. Hili la harufu nililijua kabisa, nililiandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe mbele ya kidato cha nne, ndiyo maana sina pa kujitetea.

Udongo niliuchota kijijini Ntalikwa, kwenye majaruba ya mpunga ya mama mmoja ambaye kila akiniona na ndoo yangu alikuwa ananiambia, "Mwalimu, wenzako huku wanafuata mpunga, wewe unafuata matope?" Nilikuwa namcheka. Siku hizi nikikutana naye navuka barabara.

Sasa, unga wa kwanza uliotoka vizuri niliushonea vifuko vidogo vya shuka kuukuu, nikaviweka stoo nyumbani kuujaribu, maana msimu wa mvua chumvi yangu inageuka maji na sukari inakuwa jiwe. Ulifanya kazi, wallahi. Chumvi ilikauka, sukari ikachambuka, na zaidi ya hayo, kiroba cha dagaa wa Kigoma nilicholetewa kwa treni, ambacho kilikuwa kinanuka mpaka majirani wananiuliza leo tunakula saa ngapi, kikaacha kunuka. Unaingia stoo unavuta pumzi, hakuna kitu. Nilijiona mtu wa maana sana. Nilikuwa naingia stoo bila kufuata kitu chochote, nasimama tu pale navuta hewa na kufurahi peke yangu.

Hapo ndipo ikaingia harusi ya Swedi. Swedi ni mtoto wa dada yangu Hawa, na dada Hawa alifariki Swedi hajaanza hata kutembea, nikamchukua mimi, kwa hiyo ananiita mama mdogo lakini mama mwingine hamjui. Amekua, ni fundi seremala, mkimya, mikono yake inanukia mbao, na akampenda Nasra, mjukuu wa Bi Thureya. Bi Thureya ni wa zile familia za Kiarabu ambazo babu zao walifika hapa na misafara wakafungua maduka na hawakuondoka tena, na kwao nguo haivaliwi mpaka ifukizwe, na anayefukiza vibaya anajulikana tangu mlangoni. Kwao sanduku la bi harusi, lile analopeleka mwanamume, linafunguliwa mbele ya wanawake wote, na bibi mwenyewe ananyanyua kila nguo, anaipeleka puani, ndipo anaipitisha kwa wengine. Harufu ndiyo inayosema huko mwali anakokwenda kuna mama au hakuna.

Na Swedi hakuwa na mama. Hilo watu walishalisema, si kwa ubaya, walisema tu. Shangazi yake wa upande wa baba, Hadija, aliniuliza waziwazi, "Mwalimu, wewe na chaki zako, mambo haya utayaweza?" Nikamwambia nitayaweza.

Swedi mwenyewe aliniomba jambo moja tu. Dada Hawa alikuwa anapika udi wake mwenyewe, ule wa kuviringisha vidonge, kwa namna yake ambayo hakumfundisha mtu (mimi nilikuwa na vitabu vyangu, sikuuliza, nilidhani yupo tu siku zote). Kilibaki kichupa kimoja. Nimekitunza miaka yote hiyo kabatini, kimefungwa kwa nailoni na kitambaa, sikukifungua hata siku za Idi. Swedi akaja akakaa jikoni akasema, "Mama mdogo, mimi mama sura yake naijua kwa picha, lakini picha haina harufu. Nataka Nasra aingie kwangu ananukia udi wa mama, basi." Akanyanyuka akaondoka, maana Swedi akishasema jambo kama hilo hawezi kukaa.

Basi tukafukiza. Sanduku alilitengeneza mwenyewe, la mninga, limefungamana hakuna panapopitisha hewa. Mimi na Hadija tulifunga madirisha, tukatandaza kanga, madera na mashuka juu ya tenga, chetezo chini, nikafungua kile kichupa nikakimaliza chote, maana nilijiambia kama si leo lini. Ule moshi ulipopanda nilikaa chini. Alikuwa dada mtupu, jamani, dada akitoka chumbani siku ya Ijumaa. Hata Hadija aliacha kuongea, na Hadija haachi kuongea. Tukakunja nguo zikiwa na joto lake, tukapanga, tukafunga.

Kama ningeishia hapo leo ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini mvua ilikuwa inanyesha kutwa kucha, kupeleka sanduku kulikuwa bado siku kadhaa, na mimi nikaanza kuwaza ukungu. Niliona vile vitone vyeusi kwenye kanga nyeupe ya Nasra kabla havijatokea. Nikasema, kwani vile vifuko vyangu vya stoo vina kazi gani? Nivitie humo, kimoja kati ya kila doti, nguo zibaki kavu. Ni jambo dogo. Mtu mwenye akili yake angeweza kuliwaza.

Kanuni inasema unga uliotumika unarudishwa kwenye tanuri, uchomwe, utapike ulichomeza, ndipo utumike tena. Tanuri liko shuleni, umeme ulikuwa umekatika, na mimi nilikuwa nimechoka, nimechoka kwelikweli, ule uchovu wa mtu anayepika asidi mchana na kuhesabu sahani za wageni jioni. Nikaanika vifuko kwenye ungo jua lilipochungulia, nikavinusa, havinuki chochote. Nikaridhika. (Unga uliomeza dagaa haunuki dagaa, ndiyo kazi yake, na hilo nalo nilikuwa nalijua.) Nikavipanga ndani ya sanduku, nikafunga, nikalala usingizi mzuri ambao sijaupata tena hadi leo.

Siku yenyewe tulikwenda kwa shangwe, Hadija mbele na ngoma, sanduku kichwani kwa vijana mpaka mlangoni, ndani wanawake watupu. Sebule ya Bi Thureya imejaa mikeka mipya, birika za kahawa, sharbati kwenye majagi. Nikamwamkia Bi Thureya, "Shikamoo bibi," akaitika, "Marahaba mwanangu, karibuni, mmependeza," na alikuwa amefurahi, nataka mjue hivyo, yule mama alituanza kwa furaha.

Sanduku likafunguliwa. Vigelegele. Bi Thureya akanyanyua doti ya kwanza akaipeleka puani. Akaigeuza, akanusa upande wa pili. Akaiweka. Akanyanyua ya pili. Vigelegele vikapungua vyenyewe, kimoja kimoja, mpaka ikabaki mvua juu ya bati. Nguo ya nne alimpa dada yake anuse, dada yake akanusa akatikisa kichwa.

"Mwalimu," akaniita.

"Abee bibi."

"Nguo hizi mmezitoa dukani asubuhi ya leo?"

"Hapana bibi, tumezifukiza. Tena kwa udi wa marehemu dada yangu, mama yake Swedi."

Akanitazama. "Huo udi ulikuwa wa moshi au wa maneno?"

Hadija akaniinamia sikioni, "Ulizifua?" Nikamjibu sikuzifua. Nikachukua kanga nikanusa mwenyewe, nikakuta harufu ya kanga, pamba na rangi basi, na hapo ndipo macho yangu yakaangukia kifuko cheupe kwenye mkunjo, kimekaa pale kimenenepa, kimya. Nikaelewa. Nilielewa kwa mkupuo mmoja kama mwanafunzi anayeelewa swali mtihani ukishakusanywa.

Nafasi ya kujiokoa ilikuwepo. Ningeomba radhi, ningesema sanduku lilivuja, ningelia, mwanamke akilia kwenye harusi anasamehewa mengi. Mimi nikaamua kufundisha. Nikasimama katikati ya sebule ya watu nikaeleza tabaka, nikaeleza chapati kwenye hotipoti, nikaeleza asidi na vitundu, na kwamba udi haujapotea, umehamia tu ndani ya unga.

"Unga wa nini?" akauliza mama mmoja aliyekuwa karibu na mlango.

"Silika."

"Imetoka wapi?"

"Ntalikwa. Kwenye majaruba."

"Basi ni matope," akasema, akawageukia wenzake, "udi ameutia kwenye matope." Kicheko cha kwanza kikapita, cha adabu bado, cha kuficha mdomo kwa mtandio.

Hapo damu ikanipanda. Nikasema nipeni chetezo, niwaonyeshe. Joto likiingia unga unaachia, hiyo ni sayansi, si maneno. Wakaniletea chetezo chenye makaa mekundu, nikachukua kifuko nikakiweka juu ya makaa moja kwa moja, mbele ya Bi Thureya, uso nimeukaza.

Na ukaja. Nawaapia ulikuja. Pumzi moja, labda na nusu, udi wa dada ulipanda pale na nikaona Bi Thureya amenyanyua kidevu, amefumba macho. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi.

Halafu wakaja dagaa.

Hawakuja polepole. Walikuja wote, wa kiroba kizima, wa wiki zote zile walizokuwa wanamezwa stoo kwangu, wamepata moto sasa wanatoka. Mtu mwenye akili angekitoa kifuko. Mimi nikajiambia hiki ni kifuko kibaya, kile kingine kitakuwa kizuri, nikaweka cha pili, na cha pili hakijasema kitu nikaweka cha tatu. Shuka kuukuu la kifuko likashika moto. Nikakinyakua kwa vidole, nikaungua, nikakitupa, kikatua kwenye mkeka, mkeka ukaanza kufuka, mtu akamwaga jagi la sharbati, nusu kwenye mkeka na nusu ndani ya sanduku. Na katikati ya yote hayo paka wa nyumba akaingia kutoka uani, mkia juu, akanipita mimi, akapita watu wote, akaenda kukaa mbele ya chetezo akisubiri chakula. Hapo hakuna aliyeficha mdomo tena. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje mvuani.

Bi Thureya peke yake hakucheka. Alisubiri watu watulie, akafunga kifuniko cha sanduku kwa mikono yake, akasema kwa upole kabisa, "Sanduku libaki. Nguo tutazifua na kuzifukiza sisi." Kwa asiyejua anaweza kudhani ni wema, na ulikuwa wema, lakini maana yake ni kwamba mwali anakwenda kwa mumewe amenukishwa na kwao, kwa kuwa huko anakokwenda hakuna wa kumnukisha. Hadija hakunisemesha njia nzima kurudi, na yeye ndiye aliyebeba ngoma, hakuipiga.

Harusi ilikuwepo, tena nzuri, nashukuru. Nasra aliletwa ananukia udi wa bibi yake, wa gharama, mtaa mzima uliunusa. Nilikuwa nimesimama mlangoni kumpokea. Swedi aliinama kidogo bi harusi alipompita, akavuta pumzi, akanitazama. Wanawake walikuwa wameshamweleza, au hawakumweleza, sijui. Kicheko cha sebule nzima nilikivumilia, lakini ule mtazamo ulinikalisha kitandani siku mbili, nikasingizia malaria.

Wiki kadhaa baadaye walikuja kunisalimia, mchana wa Jumapili, yeye na Nasra. Nasra alikuwa na furushi la gazeti. "Bibi amesema ni mali yako," akasema, akalifungua, ndani vile vifuko vilivyobaki, Bi Thureya alivitoa sandukuni kimoja kimoja kabla ya kufua, na vingine havikuwa vimelowa sharbati. Nikataka kuvitupa jalalani saa ile ile.

Swedi akasema, "Mama mdogo, kwani udi bado umo?"

Nikamwambia umo, lakini na dagaa wamo. Hapo mwalimu ndani yangu alikuwa ameshaanza kufikiri, na nilikuwa nimemchoka huyo mwalimu. Unga huu umepikwa kwa asidi, na harufu ya samaki kikemia ni besi, inavutwa na asidi, inaushika unga kwa nguvu kuliko harufu nyingine zote, kwa hiyo moto ukiwa mdogo, mdogo sana, udi unatangulia kutoka na dagaa wanachelewa. Kwa Bi Thureya nilikimbilia makaa. Sikuwaambia hayo yote. Nilikwenda jikoni nikafunika makaa kwa majivu, nikaweka sufuria kavu, nikapasua kifuko nikamwaga unga ndani yake, tukakaa watatu tumezunguka jiko kama watu wanaosubiri maharage.

Ulichelewa mpaka nikakata tamaa. Kisha ukaja, mwembamba.

"Ndiyo huu?" Swedi akauliza.

"Ndiyo huu. Usiongee, vuta."

Akavuta. Mikono yake ilikuwa magotini, mikubwa, ina kovu la randa. Nasra, bila kuambiwa na mtu, alifungua mtandio wake wa kanga akautandaza juu ya sufuria, akaushika pembe mbili kama anavyofukiza mtu nguo. Mimi nilikuwa natazama unga tu, nilishindwa kumtazama mtoto. Dagaa walipoanza kunyemelea nikashika sufuria niiondoe, Swedi akanizuia mkono. "Acha kwanza," akasema, "bado yupo." Tukakaa hivyo mpaka jikoni pakanuka gati la Kigoma, na yeye hakusogea.

Walipoondoka Nasra alijitanda kanga ile ile, akapitia kwa bibi yake. Jioni simu ikalia, Bi Thureya. Nikapokea nimesimama.

"Mwalimu, huyu mjukuu wangu kaja hapa ananuka dagaa."

"Nisamehe bibi."

"Sijamaliza. Chini ya dagaa pana udi. Ule ni wa mama yake Swedi?"

"Ndiyo bibi."

"Mungu amrehemu. Alipika kwa asali, si kwa sukari. Na asali yenyewe ya Sikonge, ya msituni, ile nyeusi. Vingine sikuvijua, dagaa walinizidi." Akakata simu. Nikakaa sakafuni na simu mkononi, nikalia mpaka nikachoka na kulia nako.

Basi ndiyo hivyo. Nimeapa, unga wangu hautoki tena nje ya maabara, na kitu nilichokitunza kwa miaka sitakiwekea mlinzi kabla ya kujua huyo mlinzi anakula nini. Jumamosi nakwenda Sikonge na Hadija kutafuta asali. Ameshaanza kunisemesha, ila amenikataza kabisa kugusa sufuria.